Kwa nini kifo cha kwenye siriizi za anga kinageuka kichekesho? Jibu kwa kijana anayeshuti Luchelele

Swali limetoka kwa kijana wa Igoma, hapa Mwanza, nalifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Tuko marafiki kadhaa tunatengeneza tamthilia yetu ya sayansi, kuna kiumbe kinatoka ziwani kinaua watu, tunashuti Luchelele kwa simu. Episodi ya 3 mzee Masalu mvuvi anauawa, kwetu ni sini ya huzuni kabisa. Tukaipeleka kibanda umiza (kibanda cha kuonyeshea video) kuwaonyesha watu, kibanda kizima kikacheka, mmoja akapiga kelele 'mzee si ukimbie basi!' Wewe umeangalia hizi siriizi ndefu za wazungu, nao huwa inawatokea? Watu wanachekaje mtu akifa, na tufanyeje? Afu tulitaka Masalu arudi episodi ya 7 akiwa mzima, tumrudishe au tuache?"

Marahaba mdogo wangu. Kipande ulichonitumia nimekiangalia nikakirudia, na nakujibu kwa urefu kwa sababu hili jambo nalipenda, mchana naediti video za watu hapa mjini, usiku naangalia siriizi za anga, na sini za vifo ndo ninazozirudisha nyuma mara nyingi kuliko sini nyingine yoyote.

Imewatokea, tena sana, na waliotokewa walikuwa na studio, bajeti na waigizaji waliosomea. Ninavyoelewa mimi mtazamaji anaanza kucheka pale anapoacha kumuona mtu anayekufa akaanza kuwaona watu waliopanga afe. Ndani ya hadithi kuna dubwana limeua, lakini kwenye skrini kinachoonekana ni mkataba umeisha, au rangi haijakauka, au studio inazima taa saa 4 usiku na bado sini mbili hazijashutiwa. Hadithi ikitoboka hapo kicheko kinaingia chenyewe. Watu wa kibandani hawana roho mbaya, haohao kwenye msiba wa kweli ndo wanaokesha na kubeba maturubai, kwa iyo usiwachukie, wamekuambia ukweli bure.

Nianze na hii inayofanana na ya kwenu kuliko zote. Doctor Who ya BBC, siriizi ya msafiri wa anga na wakati anayeitwa Daktari, ilianza Novemba 1963, na Januari 1984 walionyesha hadithi ya episodi 4 inaitwa Warriors of the Deep, mambo yanatokea kwenye kambi ya kijeshi chini ya bahari mwaka 2084. Humo kuna mnyama wa baharini anaitwa Myrka, mkubwa, wa kijani, akikugusa unakufa kwa umeme. Ndani ya Myrka walikuwemo watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, na ni walewale waliokuwa wanacheza farasi wa vichekesho kwenye kipindi cha watoto cha BBC hiyohiyo. Hilo peke yake lingevumilika. Kilichowamaliza ni uchaguzi. Margaret Thatcher aliitisha uchaguzi mkuu wa Juni 1983, BBC ikazihitaji studio zake kwa ajili ya huo uchaguzi, watu wa Doctor Who wakaambiwa washuti mapema kuliko ilivyopangwa, muda wa matayarisho ukaliwa wote, na yule mnyama akaingia studio rangi haijakauka, akigusana na mwigizaji inamganda. Afu studio yenyewe inawaka nyeupe kila kona, hamna kivuli hata kimoja cha kumficha.

Sasa anakuja Dokta Solow, ameigizwa na Ingrid Pitt, mwanamama aliyekuwa na jina kubwa kwenye filamu za kutisha za Uingereza. Anakutana na Myrka kwenye korido. Mnyama anatembea polepole mno kwa sababu wale wawili ndani hawaoni vizuri na miguu lazima ipatane, yaani hata bibi mwenye mkongojo angemkimbia, na Dokta Solow anachofanya ni kujipanga na kumpiga teke la karate. Umeme unamnasa, anatetemeka, anaanguka, amekufa. Nimeiona mara nyingi na bado nacheka, na kila nikicheka nawaonea huruma, kwa sababu kwenye karatasi ile sini ni nzuri: msaliti amebanwa, hana pa kwenda, anapambana mpaka mwisho. Ila jicho la mtazamaji lilipewa muda mrefu mno wa kumkagua mnyama, na likishaona watu wawili ndani ya nguo, yule mama amekufa kwa kupiga teke nguo.

Sa rudi kwenye kipande chako. Kiumbe chenu kinatoka majini saa 6 mchana jua la utosi, kimeshonwa viroba na nyavu kuukuu (kazi nzuri ya mikono hiyo, aliyeshona mpongezeni), kinatembea kuanzia majini mpaka mchangani bila kukatwa, kamera inamuangalia tu, na pale kinapopanda mawe mabuti ya mpira yanaonekana. Mda wote huo Masalu amesimama ameshika kasia. Mvuvi huyo! Mtu aliyekulia ziwani, anayejua mamba na kiboko wanafanya nini, anasimama kusubiri? Yule aliyepiga kelele "mzee si ukimbie" alikuwa anampenda Masalu, anataka apone, ninyi ndo mliomzuia kukimbia kwa sababu skripti inasema afe. Hapo ndo pametoboka.

Hilo la kwanza. La pili ni muuaji kuwa mdogo kuliko anayeuawa, na hapa lazima nimtaje Tasha Yar.

Star Trek: The Next Generation, Aprili 1988, msimu wa kwanza haujaisha. Luteni Tasha Yar ni mkuu wa ulinzi wa meli ya anga ya Enterprise, mhusika mkuu kabisa. Mwigizaji wake, Denise Crosby, alishaomba kuondoka kwa sababu alikuwa hapewi kazi ya maana. Wakamuandikia kifo. Wanashuka kwenye sayari, njiani kuna dimbwi jeusi linaloongea, linaitwa Armus, linainuka na kuwa mtu aliyevaa vazi jeusi linalong'aa. Tasha anataka kupita aende kuwaokoa wenzake, dimbwi linamrusha nyuma, anaanguka, basi. Hata katikati ya episodi hatujafika. Gene Roddenberry mwanzilishi wa Star Trek aliona ivo ndo sawa, mlinzi anaweza kufa kazini ghafla bila hotuba, na mimi hilo wazo naliheshimu sana kwa sababu maisha ndo yalivyo, askari hafi kila mara kwenye vita kubwa. Ila hao watazamaji walishakaa naye karibu msimu mzima, wanamjua, afu anauawa na kitu ambacho hakimjui, hakina sababu naye, na kimevaa mpira. Watu wakabaki midomo wazi, wengine wakacheka, na vicheko vingine vya hivyo ni hasira.

Kilichoikoa ile episodi ni mwisho wake. Tasha alikuwa ameacha ujumbe aliourekodi akiwa hai, anamuaga kila mwenzake kwa jina na neno lake mwenyewe. Hapo hakuna anayecheka. Na mwaka 1990 wakarudi kulipa deni, kwenye episodi ya Yesterday's Enterprise historia inavurugika, Tasha yuko hai, anakuja kujua kwamba kwenye historia ya kweli alishakufa kifo kisicho na maana, basi anachagua mwenyewe kupanda meli ambayo kila mtu anajua haitashinda. Mtu yuleyule, mwigizaji yuleyule, kifo cha kwanza watu wanakitania mpaka leo na cha pili kinaliza. Tofauti ni kwamba mara ya pili amefanya kitu. Mara ya kwanza amefanyiwa.

Kwa Masalu wenu mimi ningejiuliza hivi: sekunde 10 kabla hajafa anafanya nini? Kwenye kipande chenu hafanyi kitu. Mpeni kazi. Anafungua kamba ya mtumbwi ili kijana wake aondoke, kamba imekaza, anajua kiumbe kinakuja ila kamba haijafunguka bado. Sasa akisimama pale hakuna atakayemwambia kimbia, kwa sababu wote wanajua kwa nini hakimbii.

Kuna namna nyingine ya kuchekesha ambayo ninyi hamjafika ila mtafika mkiendelea, ni pale mambo ya ofisini yanapoingia kwenye kifo. Kwenye Doctor Who Daktari akikaribia kufa anageuka kuwa mtu mwingine, ndo wanavyobadilisha mwigizaji. BBC walimfukuza Colin Baker aliyekuwa Daktari wa 6, afu wakamtaka arudi ili tu ashutiwe akigeuka kuwa Daktari mpya, akakataa, na simlaumu hata chembe. Kwa iyo Septemba 1987 hadithi inaanza kwa meli yake kupigwa, tunaona mtu kalala kifudifudi mwenye nywele za njano zilizojikunja na lile koti la rangirangi, wanamgeuza, uso unafunikwa na mwanga, kumbe aliyelala ni Sylvester McCoy, Daktari mpya mwenyewe, amevalishwa wigi la mwenzake. Mtu ambaye tumemfuata kwa miaka kadhaa amekufa bila yeye mwenyewe kuwepo. Hata kilichomuua hakikuelezwa vizuri, mashabiki wakaanza kusema alijigonga kwenye baiskeli ya mazoezi. Inauma. Mwigizaji wenu akisafiri kwenda Dar katikati ya kazi msimuue kwa namna hii, bora mseme amehamia Ukerewe kwa shangazi yake.

Stargate Atlantis nao, 2007, wakamuua Dokta Carson Beckett, daktari mpole aliyependwa na kila mtu. Kwenye kituo chao kifaa cha kale kimewaotesha watu uvimbe unaolipuka, ndiyo, uvimbe mwilini unaolipuka kama bomu, Beckett anamfanyia mgonjwa upasuaji anautoa, anautembeza koridoni kumpelekea mtu wa mabomu, anamkabidhi, anaondoka, unalipuka. Kifo cha ujasiri kabisa, daktari amekataa kumuacha mgonjwa wake, lakini jaribu kumsimulia mtu ambaye hajaiona, ukifika kwenye uvimbe unaolipuka ameshaanza kutabasamu. Kipimo kizuri hiki, nakitumia kwa wateja wangu wanaotengeneza filamu: simulia kifo kwa sentensi moja kwa mtu wa pembeni, fundi baiskeli, muuza dagaa Mwaloni, yeyote yule, mwangalie usoni. Akitabasamu mapema badilisheni silaha kabla hamjashuti.

Wale mashati mekundu wa Star Trek ya zamani, ya 1966 mpaka 1969, nawapitia haraka. Kila wakishuka sayari mpya na Kapteni Kirk anaongozana nao kijana wa shati jekundu tusiyemjua jina, ujue harudi. Episodi moja ya 1967, The Apple, mmoja anauawa na ua linalorusha miiba yenye sumu, mwingine anapigwa radi, mwingine anakanyaga jiwe linalipuka, na wenzao wanasikitika sekunde chache kisha safari inaendelea. Kifo kikishakuwa ratiba watu wanacheka kabla hakijatokea. Ninyi episodi 3 mmeshaua watu 5. Punguzeni.

Sasa hilo la kurudi. Kibandani kwetu kuna sheria kila mtoto anaijua, steringi (mhusika mkuu) hafi, na wengi wanaingia wakiwa na uhakika huo, kwa iyo mkimuua mtu anayependwa watazamaji wanasubiri kidogo waone kama mna maana. Mkimrudisha kirahisi mmewafundisha wasilie tena. Muangalie yule mzee anayevuta sigara wa The X-Files, aliyeigizwa na William B. Davis. 1997 alipigwa risasi, tukaambiwa amekufa. Akarudi. Mwaka 2000 akasukumwa kwenye ngazi akiwa na kiti cha magurudumu, akarudi. Mei 2002, episodi iliyotakiwa kuwa ya mwisho kabisa, helikopta inarusha kombora linaingia alipokaa, kamera inatuonyesha nyama ya uso inaungua mpaka fuvu, yaani walitaka asibaki mtu na shaka. 2016 siriizi ikarudi, na mzee yupo amekaa, anavuta sigara yake kwa tundu la kooni! Na 2018 ikabidi wamuue tena, Mulder, yule mpelelezi mhusika mkuu, akampiga risasi nyingi na kumtupa majini. Namheshimu sana Davis, anatisha akikaa kimya kuliko wengi wakipiga kelele, lakini ile ya 2018 mimi niliiangalia nikiwa sina wasiwasi wala huzuni, nilikuwa nasubiri tu atoke majini ajipanguse.

Jibu langu basi: msimrudishe Masalu akiwa mzima. Kama mnamhitaji episodi ya 7 fanyeni kama ule ujumbe wa Tasha, iwe sauti yake kwenye simu aliyoisahau nyumbani, au mwanae anamkumbuka. Mwigizaji wenu yule ana sauti nzito nzuri, itumieni.

Na wapo waliopatia, usije ukadhani zamani walikuwa hawajui. Mwaka 1982 Doctor Who walimuua Adric, kijana aliyekuwa anasafiri na Daktari, meli aliyomo inagonga Dunia, na majina ya mwishoni yakapita bila muziki wowote, picha ya beji yake iliyovunjika tu. Watazamaji waliokuwa hawampendi Adric walikuwepo wengi, na bado wengi wanakumbuka ule ukimya. Blake's 7, BBC hiyohiyo, Desemba 1981, siriizi inaisha kwa kuua karibu timu nzima, wanaanguka mmoja mmoja kwa mwendo wa polepole, na polepole hiyo kwa macho ya leo inaweza kuchekesha, lakini wa mwisho Avon amezungukwa na maaskari, anainua bunduki, anatabasamu, picha inakatika na tunasikia risasi tu juu ya majina. Hatumuoni akianguka. Haikuhitaji mekapu, damu wala dubwana, ni sauti peke yake, na sauti kwenye simu yako ni bure.

Hapa ndo ziwa linakusaidia kuliko studio yoyote. Watu wa Mwanza hawahitaji kufundishwa kuogopa maji, tangu meli ya MV Bukoba izame 1996 kuna familia nyingi hapa ambazo hazitaki hata kuliongelea, kwa iyo hofu tayari ipo ndani ya mtazamaji, kazi yenu ni kutoivuruga. Na mtu anayezama kweli mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono, pumzi yote inahangaika kuingia, anashuka kimya, wavuvi watawaambia. Masalu wenu amepiga ukunga mrefu, ameinua mkono, ameushusha, ameuinua tena. Toeni vyote hivyo.

Shutini giza la mwezi, usiku ambao wavuvi wa dagaa wanatoka na taa zao, ule mstari wa taa juu ya maji mnaupata bila kulipa mtu. Mtumbwi wa Masalu uwe na taa yake mbele karibu na kamera. Kiumbe msikionyeshe, onyesheni gugumaji linasogea kinyume na upepo. Kijana wake anavuta kasia, anaita "baba", taa inayumba, taa inazimika, kata. Mabuti ya mpira hayataonekana kwa sababu mwenye mabuti amekaa ufukweni anakunywa chai. Na tafadhali sana, mtumbwi ufungwe kamba ndefu hadi nchi kavu, kila mtu avae jaketi la kuokolea hata kama litaonekana kwenye picha, na msiingize mtu majini usiku, kule kuna mamba na viboko wa kweli.

Kwenye kuediti punguza baada ya kifo kuliko kabla. Kipande chako kina kijana anayemkimbilia Masalu, anampiga piga mashavu, anaangalia kamera, anasema "mzee Masalu amekufa". Nimeona pale ndo kicheko kikubwa kilipotokea, kwenye ile video ya simu uliyorekodi kibandani inasikika wazi kwamba kabla ya hapo walikuwa wanagunaguna na kucheka kidogo tu. Hii ni mbinu uishike: siku ya kuwaonyesha watu kaa mbele uwageukie wao, usiangalie skrini, uandike wameanza kucheka wapi. Wakianza kabla ya kifo tatizo ni kiumbe au mtu kutokimbia, wakianza wakati wa kufa tatizo ni uigizaji, wakianza baada ya kufa tatizo ni maneno na wewe mwenye mkasi. Kwenu ni la kwanza na la tatu. Masalu mwenyewe, ukitoa ule ukunga na mkono, kufa amekufa vizuri, mwambie nimesema.

Muziki wa huzuni ule wa piano utoe wote kwanza, uniandalie kipande kipya kikiwa na sauti ya maji na kasia tu, unitumie kabla hujakipeleka kibandani.